Ndegeni

Jembe linarudi.
Hatua kumi kutoka mtaroni karanga zinakubali,
kisha ardhi inabadilika sauti,
kama mtu aliyechoka kukujibu.
Hapo ndipo uwanja unapoanza.

Mume wangu anasema tukodi trekta, tuichane.
Namwambia: waliishindilia watu mia nne,
kwa miguu na kwa jiwe la kukokota,
kiangazi kizima cha mwaka wa arobaini na mbili,
kwa senti thelathini na kibaba cha chumvi.
Trekta lako la nusu siku litawaweza?

Huku Itundulu, mbali na reli ya Tabora,
palikuwa na msitu wa miombo na mininga,
na msituni mizinga ya babu yangu Nsubi,
kumi na mmoja, ya magome,
kila mmoja na chale yake ya kisu.
Karani alikuja na kamba na vigingi.
Miti aliihesabu. Mizinga akaipita.
"Andika na mizinga," Nsubi akamwambia.
Karani akageuza karatasi huku na huku,
akasema fomu haina mstari wa nyuki.

Miti ilianguka Jumanne.
Jioni nyuki wakarudi na mizigo yao
wakakuta hewa.
Bibi Kalunde aliwaona: wamejikusanya juu kule,
kimo kile kile cha tawi,
wanazunguka pasipo kitu.
Siku tatu.

Uwanja ukaisha. Mlingoti, soksi ya upepo,
vibatari mia mbili vya kuwasha usiku.
Miezi mitano wakafyeka nyasi za mgeni asiyefika.
Mbuzi waliupenda sana.

Ikaja moja tu.
Bomba la mafuta limetoboka, tumbo limejaa mabomu.
Wazungu wanne wakashuka, wakanywa maji ya mtungi,
wakaitengeneza usiku kucha kwa taa za mkono.
Alfajiri wakitaka kuondoka,
mtutu wa mkiani ulikuwa mweusi, na ulikuwa unatembea.
Nyuki.
Mmoja akavimba jicho. Askari wakalala mtaroni.
Ndege ya vita, na bunduki zake zote,
ikakaa juani siku mbili
kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto.

Ndipo karani akakumbuka jina la Nsubi.
Akaja na gunia, kibuyu, na kinyesi kikavu cha kufukiza.
Kwanza akasimama.
"Mizinga kumi na mmoja," akasema.
Rubani akauliza, anasemaje huyu?
Karani akatafsiri: "Anasema yuko tayari."

Akapanda.
Akamtafuta malkia kwa vidole, taratibu,
kama unavyotafuta kibanzi kwenye kisigino cha mtoto.
Akamtia kibuyuni. Wengine wakafuata.
Malipo yake kikombe cha bati.
Ndicho hiki. Napimia mbegu.

Ndege ikapaa, ikashika kaskazini,
na vita vya Itundulu vikaishia hapo.
Kwa wengine.
Nsubi, uzeeni, katikati ya ugali,
alikuwa anainua uso:
"Yale mabomu yalimwangukia nani?"
Hatukujua. Hata redio haikuwahi kusema.
"Ningewaacha siku ya tatu tu,"
anasema, halafu anaomba chumvi.

Nageuza jembe, narudi upande laini.
Katikati ya uwanja umechipua mninga mmoja,
mwembamba, wa kiburi,
na mwanangu ametundika mzinga juu yake.
Kauchanja alama. Si ile ya Nsubi, ni yake.
Bado mtupu.

Masika maji hayanyonywi pale.
Yanasimama kwa urefu ule ule wa kamba ya karani,
marefu, membamba, yametazama juu,
na asubuhi ndege wanatua,
korongo, bata maji,
wanakunja miguu, wanateleza,
wala hakuna aliyewawashia taa.